Bili ya Evanthia wa Juu

Bahasha ilikuja Jumanne moja katikati ya Januari, wakati kiwanda cha mapichi kimefungwa na nusu ya wanawake wa Naousa, mji mdogo wa Ugiriki, wako nyumbani wakingoja msimu. Evanthia alitia sahihi kwenye kitabu cha tarishi, akaifungua bahasha kwa kisu alichokuwa akikatia vitunguu. Alisoma mara ya kwanza, akasoma tena, kisha akamwita mumewe.

"Paskhalis! Njoo uone. Nadaiwa."

"Nani hadaiwi?" Paskhalis alijibu kutoka sebuleni, macho yakiwa kwenye mpira.

"Kadi ya mkopo. Yuro elfu moja mia nane sabini na tatu."

Mpira uliachwa. Paskhalis alikuja akiburuta ndara, akaishika barua kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya moto.

"We mama, miaka yote hii una kadi ya mkopo, nami natembea na soksi zilizotoboka?"

"Nilikuwa nayo. Niliikata."

Na kweli alikuwa nayo. Mwaka wa elfu mbili na sita, benki ilipanga meza mlangoni pa supamaketi, ikaweka wasichana wawili wenye tabasamu, na kila aliyetia sahihi alipewa mwavuli. Mji mzima ulitia sahihi. Kadi ilipomfikia, Evanthia aliiweka kwenye droo mwezi mzima, akiiogopa kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani aliyefungwa kamba, kisha akaitoa na kuikata vipande vinne kwa mkasi wa nguo. Na leo, baada ya miaka ishirini, mtu anamwambia kwamba kadi ile ilikuwa hai.

Alijishangaa kwamba hakuogopa sana. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mkanda unaopita na kutenga mapichi mazuri na mabovu. Hakuwahi kwenda mbali, hakuwahi kununua kitu ambacho hakukifikiria kwa wiki mbili. Sasa palikuwa na karatasi inayodai kwamba mahali fulani, Evanthia K. Mavridou alitumia pesa bila yeye kujua. Alitaka kujua alinunua nini.

Asubuhi yake alipiga simu kwa kampuni iliyonunua madeni ya benki. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua.

"Naomba mnitumie orodha ya vitu vilivyonunuliwa."

"Orodha?" Msichana alipenga kamasi. "Samahani, Bi Mavridou. Watu huomba punguzo. Orodha hakuna anayeomba."

"Basi mimi naomba."

Orodha ilikuja kwa barua pepe siku ya tatu, nayo Evanthia akaenda kuichapisha kwa muuza madaftari, kurasa tatu. Aliisoma mezani jikoni huku supu ya maharage ikichemka. Kila kitu kilinunuliwa katika majira ya baridi moja tu, kuanzia Novemba mwaka wa elfu mbili na kumi na moja hadi Machi uliofuata. Hita ya umeme. Blanketi mbili za sufi. Duka la dawa. Hita nyingine, ndogo. Duka la dawa tena. Soksi za sufi, jozi sita. Chupa ya chai. Na mwezi wa Februari, duka la vifaa vya uvuvi huko Veria, yuro mia moja thelathini na nane.

"Uvuvi!" Paskhalis alichungulia begani mwake. "Sasa nimejua. Una bwana mvuvi."

"Bwana mvuvi kwenye mlima huu? Angevua nini, mawe?"

Walicheka. Lakini Evanthia aliendelea kuitazama orodha, akiipitia juu hadi chini kama anavyopitia mkanda, na pole pole kicheko kikamtoka. Hakukuwa na kiatu cha kuvaa matembezini, hakukuwa na mkahawa hata mmoja, wala zawadi ya mtu. Aliyetumia kadi hii alikuwa akisikia baridi.

Akapiga simu tena.

"Jina la baba yangu ni Kostas," alisema. "Hapo kwenu mmeandika K tu. Ni K ya nani?"

Vidole viligonga vibonyezo. "Kyriakos," alisema msichana. "Kyriakos Mavridis. Kumbe si wewe! Lakini anwani ni hii hii. Inawezekanaje?"

Iliwezekana, kwa sababu nyumba ilijengwa na ndugu wawili wa ukoo wa Mavridis, jina ambalo kwa wanawake huwa Mavridou. Kostas alichukua ghorofa ya chini na Kyriakos ya juu. Mama yao aliitwa Evanthia, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama, kama ipasavyo, maana hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake heshima hiyo. Watoto wakapishana miezi minane. Mtaani waliitwa Evanthia wa Juu na Evanthia wa Chini, na ukiita ngazini "Evanthia!" yalikuja majibu mawili.

"Nakutumia fomu," msichana alisema. "Ujaze, uambatanishe kitambulisho, na useme unamfahamu mdaiwa halisi au la, na anaishi wapi kama unajua. Una siku kumi. Ukikaa kimya, deni litabaki kwa jina lako na litakwenda kwa mawakili. Unamfahamu?"

Evanthia alitazama dari.

"Nitajaza fomu," alisema.

Alijua anaishi wapi. Shangazi yao alikuwa hodari wa kugawa anwani na namba za watu, na alikuwa amemwambia zamani: Kavala, mtaa fulani nyuma ya soko, kazi ya udobi katika hoteli. Ilikuwa mistari miwili tu ya kuandika. Angeiandika, deni lingeondoka kwake na kwenda kumgongea mlango mwanamke ambaye hakuwa amezungumza naye kwa miaka kumi na minne. Asingeiandika, angekuwa ametia sahihi uongo, tena akiba yote ya msimu ingekwenda kwa hita za mtu mwingine.

"Andika," alisema Paskhalis. "Kanunua yeye, alipe yeye. Kuna nini hapo?"

"Kuna majira ya baridi yale."

Paskhalis aliyakumbuka. Alikuwepo.

Mwaka ule mafuta ya kupasha nyumba yalipanda bei hadi watu wakawa wanachoma viti. Boila, mtambo wa kusambaza maji ya moto kwa mabomba, ilikuwa moja chini ya ngazi, na tangu nyumba ijengwe ghorofa mbili zilinunua mafuta nusu kwa nusu. Kyriakos alikuwa amekufa, kiwanda cha nguo alikofanya kazi Evanthia wa Juu kilikuwa kimefunga, na juu walibaki yeye na mama yake mgonjwa. Novemba hawakuwa na nusu yao. Kostas alingoja wiki moja, kisha akamwita fundi bomba aweke koki kwenye bomba linalopanda juu. Koki ikafungwa. Joto likawa linaishia darini mwa Kostas. Evanthia alikuwa na miaka thelathini na tisa, mtu mzima mwenye mdomo wake, na hakusema neno. Ni yeye aliyemshikia fundi tochi.

Mwezi wa Aprili mama wa juu alifariki. Mwezi wa Mei Evanthia wa Juu alipakia masanduku kwenye pikapu na kuondoka bila kuaga. Kostas mwenyewe alikuwa kaburini miaka saba sasa.

Alasiri ile Evanthia alichukua ufunguo wa ghorofa ya juu iliyobaki tupu, akapanda ngazi. Hakuwa na sababu ya kumweleza mtu. Alitaka tu kujua. Alifungua mlango, akavuta kiti kilichoachwa karibu na dirisha, akavua koti na kukaa. Nje theluji ilikuwa imelala juu ya mapaa. Kwanza baridi ilimshika puani, baadaye vidoleni, baadaye ikaingia mahali ambapo hakuwa na jina lake, kati ya mabega. Chini alisikia Paskhalis akikohoa, akasikia hata kijiko kikigonga kikombe. Hilo hakuwa amelifikiria: kwamba kutoka huku juu unawasikia wenye joto.

Alitazama saa. Dakika kumi na moja. Alivaa koti, akateremka, akapiga namba ya Kavala.

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, na nyuma yake mashine zilinguruma.

"Evanthia."

"Evanthia ni mimi."

"Wa chini."

"Nani amekufa?" sauti iliuliza.

"Hakuna. Imekuja bili yako ya kadi. Imekuja kwangu."

"Ohoo! Miaka kumi na minne hukunitafuta, leo umenitafuta kwa bili. Na umeifungua?"

"Ina jina langu."

"Na umeisoma yote, nakujua. Ulikuwa unasoma hata barua za mpenzi wangu yule Lazaros, kutoka jeshini."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiziacha ngazini." Evanthia alivuta pumzi. "Niambie kitu kimoja. Kule Veria, duka la uvuvi. Kulikuwa na nini?"

Akadhani simu imekatika. Kisha akasikia kicheko, kikianza kidogo na kuongezeka.

"Suti," alisema Evanthia wa Juu. "Ile nene ya wavuvi wa majira ya baridi, ya mpira nje na manyoya ndani, rangi ya chungwa. Hita mbili zilikuwa zinakata umeme, basi nikamvalisha mama suti. Alikaa nayo mbele ya televisheni hadi mwisho. Kila jioni ananiuliza, 'Mwanangu, leo tumepata samaki?' Nami namwambia, 'Bado, mama, wamelala.'"

Evanthia alicheka pia, halafu akashindwa kuendelea kucheka.

"Mimi nilishika tochi," alisema. "Siku ya koki."

"Najua. Nilikuwa ngazini."

Paskhalis alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akarudi sebuleni polepole na kuzima mpira.

"Wanataka anwani yako," Evanthia alisema. "Sijawapa. Niliwaza nilipe mimi."

"Ulipe wewe ili ulale vizuri? Hapana, dada. Sikuuzii usingizi." Mlango ulifungwa upande wa pili na mashine zikafifia. "Wape. Andika ghorofa ya tatu, wasije wakagonga kwa jirani. Halafu soma hiyo orodha."

"Yote?"

"Kwani nina haraka? Nimo kwenye mapumziko."

Evanthia alisoma, mstari kwa mstari, nao wakagawana nani alipe nini, juu au chini. Hita ya kwanza, Evanthia wa Juu alisema, ilikuwa ya chini, kwa sababu ilinunuliwa siku mbili baada ya koki. Blanketi, ya chini. Dawa zilikuwa za juu, mama angeugua tu. Ya pili ya dawa walibishana, maana ilikuwa ya mapafu, hadi wa Juu akasema, "Haya, chukua, umeshinda," na Evanthia akaandika herufi C pembeni kwa kalamu. Suti wa Juu alikataa kabisa kuigawa. Jumla ya vitu vyote ilikuwa yuro mia saba arobaini na mbili.

"Na zilizobaki?" aliuliza wa Juu.

"Riba. Elfu moja mia moja na kitu. Ya miaka yote hii."

"Hiyo sasa ni ya nani?"

"Hukunipigia simu," Evanthia alisema.

"Na wewe je?"

"Wala mimi."

"Basi nusu kwa nusu," alisema Evanthia wa Juu. "Lakini usilipe hata senti kabla sijafika. Watu hawa wanabembelezwa, mwenzangu wa hapa dobini walimkatia theluthi mbili. Wewe hujui kubembeleza, utawapa zote na kuwashukuru. Nina likizo Alhamisi."

"Utalala wapi?"

"Kwangu. Mwambie mume wako aifungue hiyo koki."

"Boila ilikufa zamani. Tuna jiko la kuni."

"Basi nitalala kwenu chini," alisema, akakata simu, kwa kuwa kengele ya kazi ilikuwa imelia.

Evanthia alivuta fomu, akaandika anwani ya Kavala, ghorofa ya tatu. Kwenye mstari wa kusema anamfahamu mdaiwa au la, aliandika ndiyo, akatia sahihi jina lao.