Nilivyoapa kwamba kitambaa cha buluu ni kijani

Kosa ni langu. Si la mwenye duka la vitambaa pale sokoni Kasongo, ingawa yeye ndiye aliyetukanwa. Leo nalisema mbele yenu, kwa sababu nyumbani limeshajulikana na sina tena cha kuficha.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, na kazi hiyo nilijifundisha peke yangu. Macho yalipoanza kuwasha na herufi kufifia, nilinunua miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, ile yenye vioo vya rangi ya asali. Muuzaji alinipa na tochi ndogo ya mwanga wa buluu ya kuijaribia. Nikamulika kioo: mwanga wa buluu haupiti! Nikaridhika kabisa.

Sikuivua tena. Kwenye kompyuta, sokoni, kanisani. Wateja wakaanza kuniita Papa Docteur, yaani Baba Daktari. Nani angevua miwani ya namna hiyo?

Kisha binti wa kaka wa mke wangu akapata mchumba, na harusi ikapangwa Kabambare. Kwetu kila upande hushona kitenge cha namna moja na kukificha mpaka siku yenyewe. Upande wetu ulichagua kijani. Mke wangu alitangulia kwao, akaniachia kipande cha mfano nikanunue kitambaa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhakikisha mambo.

Nilihakikisha! Niliweka mfano juu ya kitambaa, nikatoka navyo juani, nikalinganisha tena. Sawasawa.

"Papa, angalia vizuri," mwenye duka akasema. "Kama hakijakatwa, nitabadilisha."

"Mimi sibahatishi," nikamjibu.

Nikabakiza cha shati langu, mzigo mwingine ukaenda kwa pikipiki. Ulipofika, mke wangu akapiga simu.

"Papa, hii kitambaa iko bulu!"

"Ni kijani. Nimelinganisha."

"Nakuambia iko bulu. Dada zangu wote wako wanaona bulu."

"Moshi wa jikoni umewachosha macho."

Nikavua miwani nifute jasho puani. Pale mezani kilikuwapo kitambaa cha shati langu. Mungu wangu! Buluu tupu, kama ndoo ya plastiki.

Hapo ndipo nilipokosa. Kitambaa kilikuwa bado hakijakatwa. Pikipiki ingeweza kukirudisha. Mke wangu alikuwa kwenye simu, ananingoja niseme neno moja tu: nimekosea. Badala yake nilirudisha miwani puani, nikatazama tena, nikasema kwa utulivu, "Mimi naona kijani."

Na kweli nilikuwa naona kijani! Ndivyo nilivyojidanganya.

Wakashona.

Siku ya harusi mke wangu, akiwa shangazi, ndiye aliyeshika mlango. Bibi harusi hatoki mpaka upande wa mume utoe mbuzi wa shangazi. Heshima hiyo aliingoja tangu msichana yule azaliwe.

Wageni wakafika wakiimba. Wamevaa nini? Buluu! Na maua ya kitenge karibu yaleyale. Wanawake wakachanganyika, wakakumbatiana, na mke wangu akawapisha watatu mlangoni akidhani ni binamu zake wa Nyangwe. Wakaingia, wakatoka wanacheza, bibi harusi katikati yao. Mke wangu akawapigia vigelegele!

Alishtuka alipomwona bwana harusi amemshika bibi harusi mkono.

"Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi gani, mama?" mmoja wao akamjibu. "Wewe umevaa nguo yetu, uko mutu wetu. Nani analipa mutu wa kwake?"

Ua mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Mimi nilijibanza nyuma ya masufuria, miwani puani, naona watu wa kijani kila upande.

Tuliporudi Kasongo alimtukana mwenye duka, akaacha kumsalimia. Nami nikanyamaza!

Macho yakazidi kuniwasha. Mke wangu akanisindikiza kwa muuguzi wa macho. Muuguzi akanipima, akasema, "Hii miwani haikudhuru, lakini haiko dawa ya uchovu. Unahitaji miwani ya kusomea, ni umri tu. Na kwenye kompyuta pepesa macho, tazama mbali mara kwa mara." Kisha akaongeza, "Ila usichague rangi ukiwa umeivaa hii. Bulu inageuka kijani."

Mke wangu akageuza shingo polepole.

"Siku ile ya simu, haukuivua hata kidogo?"

Nilitazama sakafu. Akapata jibu lake.

Ndugu zangu wa kompyuta, pimeni macho kabla ya kununua miwani, na ivueni kabla ya kuapa. Mwenye duka nimemwomba radhi, akanisamehe. Mke wangu bado. Kila jioni nikitoka kazini namkuta amevaa kitenge chake cha buluu, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huingii, Papa Docteur. Mbuzi wa shangazi iko wapi?"

Jana nilimletea samaki, nikapita. Leo nimeleta sabuni, ameikataa. Haya yote nayaandika kwenye simu, nikiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe.