Pole ya Kuni

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kwa hiyo anayetaka maneno yaliyopangwa kama vikombe vya kabatini na anisamehe. Nitaandika kama ninavyosema, tena nitaandika upesi, kabla soni haijanirudia nikaiweka kalamu chini.

Mombasa nilikuwa hamali. Nilisukuma mkokoteni tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikaingia mvi. Mchele, saruji, vitunguu, na siku moja kabati la bibi harusi lenye kioo kikubwa, ambalo nililipandisha mlima kinyumenyume ili nisijione uso. Hilo ni jambo jingine. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu akiwa na mkokoteni uliojaa, kila anayepita humwambia, "Pole na kazi," naye hujibu, "Nishapoa." Neno hilo halisukumi gurudumu, lakini mgongo hulisikia. Kwetu asiyelisema huonekana hakulelewa. Mimi nimelelewa, na ndiyo maana haya yakanifika.

Sasa naishi na binti yangu huku Marekani, jimbo la Minnesota, ukishapita Maple Grove, pale maduka yanapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Mumewe ni dereva wa lori la safari ndefu, humwoni ila kwa bahati. Binti hutunza wazee huko Golden Valley. Akishatunza wazee wa watu hurudi nyumbani kumtunza wake. Nadhani ndiyo sababu alininunulia kuku. Alisema ni kwa ajili ya mayai, lakini najua alitaka nisijione nakula bure. Sikumwambia kwamba kwetu kuku ni kazi ya wanawake na watoto, na mzee mzima akionekana anakimbizana na tembe, baraza zima litacheka. Hapa hakuna baraza. Hapa kuna theluji.

Na kuku katika theluji si mchezo. Maji yao huganda ukiwa bado unayatazama. Kila asubuhi nabeba birika la maji ya moto, navunja barafu ya jana kwa nyundo, namimina, narudi tena adhuhuri. Mayai lazima uyawahi, yakiganda hupasuka. Njia ya kufikia banda huichimba kwa beleshi, na upepo ukivuma usiku huanza upya. Halafu kuna jogoo. Kile kilemba chake chekundu huungua kwa baridi kikawa cheusi, kwa hiyo sharti kipakwe mafuta ya mgando. Mimi namshika kwapani, nampaka, naye hunitazama kama bwana harusi aliyelazimishwa. Nayafanya hayo nikiwa na koti la mkwe wangu linalonifika magotini, na kichwani kofia yangu ya kutarizi, ile yenye vitobo vya kupitisha hewa. Vitobo vya Mombasa. Nilikataa kofia nyingine yoyote, kiburi tu, na masikio yakaniadhibu.

Ng'ambo ya seng'enge anakaa jirani yetu, mzungu mzee, huenda ananizidi umri. Nilipofika, mwishoni mwa majira ya joto, alikuwa na mke. Mama mwenye nywele nyeupe, alikuwa akikaa dirishani, na kila nilipopita kwenda bandani alinipungia mkono, nami nikampungia. Hatukuwahi kusemezana. Sikuwa na Kiingereza cha kusemezana.

Halafu siku moja, majani yalipokuwa yanadondoka, magari yakajaa kwa jirani. Watu wamevaa vizuri, suti na viatu vinavyong'aa, wamebeba masinia yaliyofunikwa. Nilisimama jikoni na kikombe changu cha chai nikitazama. Sikusikia kilio wala dua. Nikasema peke yangu, kwa sauti, maneno ambayo nikiyakumbuka nataka ardhi inimeze: "Watu hawa wana choyo. Karamu kubwa namna hii, na jirani hapelekewi hata sahani!"

Kisha nikafunga pazia, nimenuna.

Theluji ilipoanza yule mama hakuonekana tena dirishani. Nikasema baridi imemfungia ndani. Lakini mumewe alitoka kila asubuhi na shoka, akichechemea mguu mmoja, akawa anapasua kuni, gogo baada ya gogo, mpaka lundo likawa refu kuliko yeye. Nikaona haya kumpita mtu anafanya kazi nikanyamaza kama ng'ombe. Nikamuuliza binti, ambaye alikuwa anavaa viatu kwenda kazini, "Pole, kwa Kiingereza husemwaje?"

"Sori, Baba," akasema, na mlango ukafungwa.

Nikalishika hilo neno kama sarafu ya dhahabu. Asubuhi yake nikasimama penye seng'enge na birika langu linalotoa moshi, nikapaza sauti: "Sori!"

Mzee akaacha shoka juu ya gogo. Akavua kofia, katika baridi ile, akainamisha kichwa, akasimama hivyo kitambo. Kisha akasema ahsante kwa Kiingereza chao, polepole. Mimi nikajisemea, kumbe hawa nao wana adabu! Mombasa yote hakuna aliyewahi kunivulia kofia kwa sababu ya pole.

Basi ikawa desturi. Nami nilitia chumvi. Siku nyingine nilisema mara mbili, "Sori, sori," siku za upepo mkali hata mara tatu, nikiweka mkono kifuani kama tufanyavyo. Yeye akaanza kututendea wema. Nikaamka nikakuta njia yetu imekwisha kusafishwa kwa mashine yake ya kurusha theluji. Nikakuta kuni zimepangwa mlangoni. Nikajisifu mbele ya binti: "Unaona? Neno moja tu la adabu. Ninyi mna Kiingereza cha kujaza gunia na hamjuani na jirani."

Binti akatabasamu, akaninyooshea kola ya koti. Nilidhani anacheka lafudhi yangu.

Jumapili moja, binti yuko nyumbani, mlango ukabishwa. Jirani, na mkononi kitu kimefungwa kwa karatasi. Akasema maneno marefu akinitazama mimi, si binti. Nikatikisa kichwa kila alipopumua, kama mtu aelewaye. Nikamwona binti anajifuta macho.

"Anasemaje?"

"Amekuletea kofia, Baba. Anasema hiyo yako ina matundu, utaumia." Akageukia ile karatasi. "Mkewe ndiye aliyeifuma. Ni ya mwisho kufuma. Anasema watu walimpa pole siku ya mazishi, wakala, wakaenda zao, na baada ya hapo hakuna anayemtajia tena. Wewe peke yako hujaacha. Kila asubuhi."

"Mazishi ya nani?"

"Ya mkewe."

"Mke yupi?"

Binti akanitazama. "Baba. Yule mama wa dirishani. Yale magari yote yale, wewe ulidhani ni nini?"

Nikaikumbuka ile sahani.

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilidhani unajua! Nakusikia kila siku unampa pole pale seng'engeni. Nimewahadithia mpaka wenzangu kazini. Nikawaambia, babangu mimi hana Kiingereza, lakini hajamwacha mfiwa hata siku moja."

Mzee alikuwa anangoja. Nikasema, "Mwambie ahsante." Ni hilo tu lililonitoka. Akaifungua ile karatasi mwenyewe, akanivika kofia juu ya kofia yangu, akaivuta mpaka ikafunika masikio, kwa vidole vya mtu aliyezoea kuvikwa hivyo na mkewe. Ilikuwa ya sufu ya kijivu. Ilikuwa na joto. Nimebeba saruji mgongoni juani, sijawahi kubeba kitu kizito kama ile kofia.

Sijui kama msomaji ananielewa. Kwetu mtu akifa, jirani ndiye wa kwanza kufika. Hata kama mmegombana kwa sababu ya mbuzi. Unakwenda kuhani, unakaa jamvini, unapika, unachota maji. Mimi mama wa watu amekufa hatua chache kutoka kitandani kwangu, nikanuna kwa kukosa sahani. Halafu nikapokea shukrani za rambirambi ambazo sikuzitoa. Nilikuwa nampa pole ya kuni!

Nikaanza kujificha. Nilingoja shoka linyamaze ndipo nitoke, na mara nyingine lilinyamaza jua limeshapanda. Maji ya kuku yakaganda mpaka chini, mayai yakapasuka, kilemba cha jogoo kikaingia weusi nchani. Nilimpaka mafuta nikimwomba radhi, naye akanidonoa, haki yake. Siku moja nikachungulia dirishani nikamwona jirani kwenye banda letu. Ameruka seng'enge na mguu wake mbovu, amechimba njia, ameleta maji yake ya moto. Aliponiona akaweka mkono kifuani, vilevile ninavyoweka mimi, akainua nyusi. Anauliza kama naumwa.

Kuku wangu walinyweshwa maji na mfiwa.

Jioni nikamwambia binti twende nikamweleze. Binti akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Umweleze nini, Baba? Yeye amefarijika. Unataka kumnyang'anya hata hicho?"

"Nataka kumrudishia kisicho changu."

"Huko ni kujifariji wewe. Halafu, huku watu hawafanyi mambo hayo."

"Nikinyamaza nakula matanga ya uwongo."

"Na ukisema atabaki na nini?"

Jibu la hilo silijui mpaka sasa. Nilikaa nikigeuza ile kofia mikononi. Mwisho nikasema, "Lakini atanivulia kofia kesho tena, mama. Siwezi kuliona hilo tena." Naye akashusha pumzi. "Haya. Vaa mabuti."

Nikachemsha kahawa chungu kwa tangawizi, nikaitia kwenye chupa, tukavuka. Ndani kwake palikuwa na joto, na kiti cha dirishani kilikuwa na mto wake bado. Nikakaa kwenye ukingo wa kiti kingine. Nikasema yote, hata habari ya sahani. Binti hapo alisita. "Na hilo nalitafsiri?" Nikamwambia hilo ndilo hasa.

Mzee alisikiliza akitazama kahawa. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akauliza kitu, binti akanigeuzia.

"Anauliza, kwenu mtu akifiwa mnamwambiaje?"

"Pole."

"Na akipasua kuni?"

"Pole."

Akakizungusha kikombe mezani. Kisha akasema, bila kunitazama, maneno machache, na binti akayageuza kwa sauti ndogo: "Anasema nyumba hii inapashwa joto kwa gesi. Hahitaji kuni. Ile ndiyo saa waliyokuwa wakinywa kahawa pamoja, naye hawezi kukaa ndani."

Nikavua kofia ya sufu nikaiweka mezani, karibu na mkono wake. Binti akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilitegemea mzee ataisukuma irudi kwangu, nisiwe mwongo, nilitegemea hivyo. Hakuisukuma. Aliichukua, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akaiweka juu ya goti akaishikilia. Nikataka kumpa pole sasa, ile ya haki, iliyochelewa. Haikutoka. Nilibaki nimekaa, kama tunavyokaa kwetu, mpaka kahawa ikaisha. Nilirudi nyumbani na kofia yangu ya vitobo, masikio yananiuma, na nikaona ni sawa yaume.

Asubuhi nikatoka mapema na birika langu. Shoka lilikuwa linalia. Miguu ilitaka kunipitisha nyuma ya banda, nikaikatalia. Nikasimama penye seng'enge. Alikuwa amevaa ile kofia ya kijivu.

"Pole," nikasema. Kwa Kiswahili.

Akateremsha shoka. Hakuvua kofia safari hii. Akaelekeza mpini kwenye lundo la kuni, akaniangalia. Kisha akaelekeza kidevu kwenye dirisha, akaniangalia tena. Alikuwa anauliza ni ya ipi.

Nikanyoosha kidole dirishani.

Akatikisa kichwa kukubali, akainua shoka, akaendelea. Nami nikaenda kuvunja barafu, uso unaniwaka katika baridi ile. Siku hizi ndivyo tunavyoamkiana. Binti anasema nimfundishe kujibu, kwamba pole hujibiwa nishapoa. Sijamfundisha. Hajapoa, na mimi pia bado.