Diski Moja Kimemi, Moja Beni

Kaka yetu mkubwa anafanya biashara ya vitenge na vyombo vya umeme, na kila akirudi safari huleta nyumbani kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Safari moja alileta mashine ya kukamua machungwa. Machungwa tunayamenya kwa kisu mpaka leo. Safari iliyofuata akaja na kisanduku cheusi kinacholingana na tofali, chenye milango miwili midogo mbele, na nyuma ya kila mlango diski moja. Akakiweka juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa mama, huku Kimemi, mjini Butembo, akakiunganisha na kompyuta yangu, kisha akatuita sote tukae. Kaka hapendi kueleza kitu kwa watu waliosimama.

"Hii disque inaandika kila kitu, na hii ingine inaandika vile vile," alisema. "Picha moya, mara mbili. Moya ikikufa, ingine inabakia. Munaelewa?"

Tuliitikia. Mama peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Na moto ikishika nyumba?"

"Mama, moto tena?"

"Moto, ao batu."

Kaka alicheka. Mama hakucheka, na mimi ninayeishi naye nilijua kwamba hilo jambo halijaisha.

Mama yangu haamini kitu kilichokaa mahali pamoja. Kwake, vitu viwili ndani ya nyumba moja ni kitu kimoja tu, maana vitapotea kwa siku moja. Hati ya kiwanja ya Butembo iko Beni kwa mama mmoja wanayeimba naye kwaya, na sufuria zake kubwa amezigawa nyumba tatu. Mbuzi wake sijawahi kuwaona wote wamesimama pamoja. Ndivyo watu wa kwetu walivyofuga tangu zamani, hata kabla ya vita kutufundisha kwa nguvu: mbuzi unampeleka kwa mtu unayemwamini, anakaa huko, anazaa huko, na siku ya haja anarudi na watoto wake, baada ya mlezi kuchukua sehemu yake. Mbuzi aliyekwenda mmoja akarudi mmoja, huyo watu watamjadili mpaka kanisani.

Basi kisanduku kikakaa juu ya kabati, na sisi tukakijaza. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nikatia ramani zangu na mitihani. Kaka alitia mechi za mpira. Tulitia ubatizo, harusi, na kwaya ya akina mama wakiimba huku jogoo wa jirani akiwajibu kila ubeti. Simu zilikuwa zinaharibika na kadi za simu zinapotea, na kila mara mtu alipolia kwamba picha zake zimekwenda, kaka alinyoosha kidole kuelekea kabati. Nakiri kwamba kile kidole kiliniudhi.

Kisha dada yetu akakimbia.

Alikuwa ameolewa upande wa Eringeti, kwenye barabara ya kwenda Ituri. Yeye na mume wake walikuwa na nyumba ya tofali waliyoijenga wenyewe, na shamba la kakao nyuma yake. Habari mbaya za vita zilikuwa zikikaribia kijiji kwa kijiji, na siku zilipofika kwa jirani, shemeji hakuwepo. Alikuwa amepeleka kakao kuuza upande wa Mabalako. Dada alipata nusu siku, jambo ambalo wengi hawakulipata. Alifunga nguo za watoto, na muda uliobaki akachukua simu yake, akatembea nyumba nzima na shamba akipiga video. Halafu akatoka na watoto mpaka Beni mjini, na shemeji akawakuta huko.

Alipotupigia simu kwamba wamefika na wako wazima, mama aliimba wimbo mzima wa kanisa akiwa amesimama katikati ya sebule. Alipomaliza, alimgeukia kaka na kuonyesha kabati.

"Toa moya, upelekee dada yako. Yeye alitoka mikono mitupu, aonekane na yeye iko na vitu ya jamaa mu nyumba. Na siku mambo itatufikia huku, kitu itabakia kwake."

"Mais mama, hii kitu inapenda kukaa mbili."

"Ata mimi nilipenda kukaa na batoto bangu bote."

Kaka alivuta diski ya kulia, akainunulia mjini kifuniko chake na kamba ya kuiunga na kompyuta, nami nikatoa kompyuta yangu ya zamani ambayo betri yake ilishakufa lakini kwenye umeme bado inafanya kazi. Vikapelekwa Beni ndani ya gunia la viazi. Kisanduku chetu kikabaki na diski moja, kikawasha taa nyekundu, na kila baada ya muda kikalia kama kifaranga. Mama alisema kinalilia mwenzake. Kaka alibandika plasta juu ya taa, na mlio tukauzoea kama unavyozoea kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Nilikwenda Beni wakati wa likizo. Walikuwa wamepanga vyumba viwili, na diski ilikuwa kwenye rafu, imefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Dada aliniambia kwamba simu yake ilikuwa imejaa hata haipokei ujumbe, kwa hiyo video ya Eringeti ameihamishia kwenye diski na kuifuta kwenye simu. Akanifungulia. Anatembea taratibu uani, sauti yake ikitaja kila kitu kana kwamba anamwonyesha mpangaji: hapa ndipo jiko, hili ndilo turubai la kuanikia kakao, hii ndiyo michikichi miwili ya mpakani, huku ni kwa jirani. Haharakishi, wala halii. Tulipofika kwenye safu za kakao umeme ukakatika, na sikuiona mpaka mwisho.

Shemeji hakuwa pamoja nasi. Dada alipounga tu kamba, mume wake aliinuka akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona amesimama barabarani, mikono nyuma, akitazama pikipiki zinazopita.

"Haiangaliaka," dada aliniambia. "Anasema ataiangalia siku tutarudia."

"Na wewe?"

"Mimi niko naiangalia kila juma. Batoto banaanza kusahau."

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo dada yangu kutoka miaka yote aliyokaa kule: nguo za watoto, na ile video.

Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, ilipokaribia, mama alitaka watu wote wawe nyumbani. Kwetu Bonane bila mtoto mmoja ni kama chungu bila chumvi, unakula tu kwa sababu una njaa. Dada akaja kutoka Beni na mume wake na watoto, na ndani ya kikapu, kati ya ndizi na mafuta ya mawese, diski ndani ya kitenge chake. Alitaka mama aione nyumba ya Eringeti. Mama hakuwahi kufika kule tangu nyumba ilipoezekwa, na video alikuwa akiisikia tu kwenye simu.

Dada alikuwa ameshaketi na kompyuta mapajani mama alipomnyang'anya ile diski.

"Kwanza irudie kwa mwenzake. Leo tuko bote, na yenyewe ikuwe yote. Tutaangalia ya Beni na ya Butembo pamoya."

Ilikuwa na maana, kwa hesabu ya mbuzi. Ya Butembo ilikuwa imezaa harusi mbili na mipira mingi. Ya Beni ilikuwa imezaa Eringeti. Zikikutana zizini, tutahesabu wote pamoja na watoto wao. Hakuna aliyeona kasoro katika hesabu hiyo, na kaka, ambaye alitueleza mwenyewe kwamba diski moja hufuata nyingine, hakujiuliza siku ile ni ipi itakayoifuata ipi. Alipokea diski kwa mikono miwili kama komunyo, akaitoa kwenye kifuniko chake, akaisukuma ndani ya mlango wa kulia, akabandua plasta.

Taa nyekundu ilizimika. Ikaja ya buluu, pande zote mbili, ikipepesa haraka haraka. Ule mlio tuliouzoea tangu diski ilipoondoka ukakatika, na ndani tukasikia kunakwaruza kidogo. Watoto walipiga makofi.

"Biko nasalimiana," kaka alisema.

"Wasingya," mama akakiambia kisanduku. Alikishukuru kwa Kinande kabisa, kama anavyowashukuru watu.

Tukaenda kula. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, bugali, na mbuzi mmoja aliyeletwa kutoka kwa mlezi wake. Kila nilipopita sebuleni ile taa ilikuwa bado inapepesa. Dada aliuliza mara moja kama wanaweza kufungua sasa. Kaka akasema tuache kwanza kimalize, mtu hamkatizi mwenzake akiwa anazungumza. Nakumbuka nilifurahi siku ile. Nakumbuka pia kwamba furaha yetu na kazi ya kile kisanduku viliendelea pamoja mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi taa zilikuwa zimetulia. Mama alivaa miwani yake ya kusomea Biblia, akaketi mbele kabisa. Dada akafungua.

Kulikuwa na kwaya, na jogoo wake. Kulikuwa na mpira wa kaka na mitihani yangu ya kidato cha nne. Dada alipitia majina yote juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Akamwomba kaka atoe ile aliyokuja nayo, waifungue peke yake. Kaka akaitoa, akairudisha kwenye kifuniko chake, akaiunga. Kwaya, jogoo, mpira, mitihani. Diski mbili zilikuwa zimelingana hadi jina la mwisho, kama kaka alivyotuahidi siku ya kwanza.

Kaka alitoka nje kumpigia rafiki yake anayetengeneza kompyuta mjini. Aliporudi hakukaa, na safari hii alieleza akiwa amesimama. Kisanduku kiliijua diski ya kushoto, kwa sababu ilikuwa imeishi ndani yake. Ile ya kulia kiliiona kama mgeni aliyekuja mtupu kuchukua nafasi ya mwenzake aliyekufa. Kikamwandika upya. Kilichoandikiwa kingine juu yake hakifukuliwi.

"Donc kitu yangu ilikulwa," dada alisema.

Mama alivua miwani.

"Mbuzi haikulaka mbuzi mwenzake," alisema, na hakuwa akimwambia mtu. Alirudia mara nyingine, kwa hasira, akitazama juu ya kabati. Nilimkasirikia kaka asubuhi ile. Nilimkasirikia mama pia, na hilo sikulisema, kwa sababu uso wake ulikuwa umekwisha kulisema.

Dada alifunga kompyuta, akakunja kile kitenge mara nne, akatoka uani. Mimi nilimfuata mpaka mlangoni. Shemeji alikuwa amechuchumaa kisimani akiosha pikipiki, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Papa," dada alimwita mume wake. "Ile video ya kule haiko tena."

Shemeji aliendelea kusugua gurudumu.

"Yote?"

"Yote. Kisanduku iliifuta."

Aliweka kitambaa chini. Nilifikiri kwamba kwake haitakuwa kitu kikubwa, mtu ambaye hakuitazama hata siku moja. Alikaa hivyo hivyo amechuchumaa, maji yakimtiririka vidoleni, na nilipoona jinsi alivyokaa nikajua nimekosea. Sisi tuliokuwa tunaitazama tulikuwa tumeshapata kitu ndani ya ile video. Yeye alikuwa ameiweka yote akiba ya siku ya kurudi.

"Ile siku," alisema mwishowe, "mulango ya nyumba uliifunga, ao uliiacha wazi?"

Dada alifungua mdomo kumjibu. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ule anaofungia milango, akaugeuza, akautazama tena.

"Ilikuwa mu video," akasema.