Marahaba ya Mama

Nimekimbia marathoni katika miji ambayo mama yangu hata kuitamka hawezi, lakini kazi hii nusura imalizike kabla haijaanza, na sababu ni salamu.

Kwetu Kinondo mtu mzima hakimbii ovyo. Akikimbia, ama amefiwa ama amefumaniwa. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi, majirani wawili walijifunga leso wakanifuata mpaka njia ya Galu, wakilia na kuuliza ni nani aliyefariki. Nilipowaambia hakuna, walikasirika kana kwamba nimewanyima maiti.

Mama hakunikataza. Alitoa sharti moja: nisimpite mtu mzima bila kumwamkia. Na kuamkia kwetu si kupunga mkono. Unasimama, unabusu mkono, unasema shikamoo, unaulizwa habari za nyumbani, kisha za mbuzi.

“Siku utakayonipita barabarani bila kuniamkia,” aliniambia, “viatu hivyo umrudishie huyo mwalimu wako wa mbio aliyekupa.”

Mwalimu wangu, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, alikuwa akinisubiri mwisho wa njia, kijijini Bongwe, na saa yake mkononi, jasho likimtoka kuliko mimi niliyekimbia.

“Kwani wewe unakimbia ama unafanya kampeni?” aliuliza.

Zilipoandaliwa mbio Diani, hakunificha kitu. Mshindi angechukuliwa kambini bara, afanywe mkimbiaji wa kulipwa.

“Ukisimama kusalimia mtu, umejimaliza,” alisema.

Siku yenyewe niliongoza mpaka karibu na utepe, binti mmoja wa bara akinipumulia kisogoni. Hapo nikamwona mama. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya lami, amevaa buibui lake la sikukuu, mikono magotini. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Nikisimama, kazi imeniponyoka. Nisiposimama, nimemvunjia heshima mama yangu mbele ya Diani nzima. Akili ilikuwa bado inabishana, na miguu ikaanza kupunguza mwendo yenyewe, kwa mazoea. Yule binti akanifikia bega kwa bega.

Mama aliona. Aliinuka kitini, na kabla sijafungua mdomo, akaunyanyua mkono wake wa kulia akaubusu mwenyewe, kwa niaba yangu.

“Marahaba, mwanangu,” alisema kwa sauti. “Nishaamkiwa. Pita.”

Nikapita.