Nilivyoshindwa kuthibitisha kuwa mimi ni mimi: mtihani wa cheti cha alama za vidole, Kilifi miaka ya themanini

Wakuu, habari za leo.

Nimesoma humu jamaa akilalamika kwamba kazini kwake wanarudishwa kwenye mtihani kila baada ya miaka michache, na yeye ana uzoefu wa kutosha. Nikacheka peke yangu. Nina kisa cha mtihani wa namna hiyo, na kilinikuta mimi, si jirani wala binamu. Majina nimebadilisha. Mengine nayaeleza kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Miaka ya themanini nilikuwa mtaalamu wa alama za vidole Kilifi. Mimi ni mtu wa bara. Nililetwa pwani na kazi, nikapazoea, nikabaki.

Kazi yenyewe haina sinema yoyote. Unakaa na lenzi, mbele yako kuna alama iliyookotwa mahali pa tukio na kadi ya mtu anayeshukiwa. Unafuata mistari ya ngozi, pale inapokatika, pale inapogawanyika. Zikipatikana sehemu za kutosha zinazofanana, unasema ni yeye. Zikipingana, unasema siye. Alama ikiwa mbovu, unasema haitoshi.

Hilo neno "haitoshi" lilikuwa halipendwi na mtu. Askari halipendi, mwendesha mashtaka halipendi. Mimi mwenyewe nilikuwa silipendi.

Sasa, cheti. Kila baada ya muda fulani mkaguzi alitoka makao makuu kuja kutupima upya. Ukipita, cheti kinapigwa muhuri. Usipopita, mshahara unakula kama kawaida, lakini mahakamani husimami kama mtaalamu. Maneno yako yanakuwa sawa na ya mpita njia.

Mwaka huo nilikuwa na sababu ya kukihitaji.

Kulikuwa na mpishi wa hoteli Malindi, tumwite Karisa, mtu wa Marafa. Alishtakiwa kwamba aliingia chumba cha mgeni kupitia dirishani akaiba. Kwenye kioo cha dirisha palikuwa na vidole safi kabisa. Nikavilinganisha na vya Karisa. Havikuwa vyake, hata kwa mbali.

Afisa wa upelelezi hakufurahi, kwa sababu yeye alishamaliza kesi kichwani mwake. Hakimu akasema anataka mtaalamu mwenyewe aje aeleze, tena mwenye cheti kinachofanya kazi. Changu kilikuwa kinaisha kabla ya tarehe ya kesi. Karisa alikuwa rumande, hana wa kumdhamini. Kwa hiyo nikipita mtihani, anatoka. Nisipopita, anaendelea kukaa.

Nikajichunga vilivyo. Nilisoma. Nilipumzisha macho. Mikono ndiyo niliilinda zaidi, maana mkaguzi huyo alikuwa hataki kuona uchafu kwenye kadi. Niliacha hata kushika mkaa.

Wakati huo nilikuwa nimepanga kwa Mama Kadzo, mjane wa Kigiriama pale Kibarani. Alikuwa akibangua korosho za kuuza. Anazikaanga kwenye bati lenye matundu mpaka zinashika moto, anazizima kwa mchanga, kisha anazigonga moja moja na kutoa kiini. Jumamosi kabla ya mtihani alipata oda ya harusi, akawa amelemewa. Nikaona aibu kukaa kibarazani na kitabu huku mama wa watu anahangaika. Nikavuta kigoda.

Akanisogezea bakuli la jivu.

"Jipake mikono kwanza, mwanangu. Mafuta yake ni makali."

"Mama, mikono hii naihitaji safi wiki hii."

"Jivu si uchafu."

"Hapana Mama, acha tu. Nitanawa."

Akaniangalia kidogo, akaendelea na kazi yake. Nami nikabangua, nikawa nazichota kwa viganja viwili, naona raha, tunapiga soga. Nikanawa kwa sabuni nikalala.

Wenyeji wa pwani najua mshacheka. Wa bara wenzangu, ngoja niwaeleze. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Hayakuunguzi palepale ukajua. Yanakusubiri. Ngozi inakuwa nyeusi, halafu inaambuka yenyewe vipande vipande. Jivu ndilo linalokinga.

Siku ya mtihani ncha za vidole vyangu zilikuwa zimebabuka zote, chini yake ngozi nyororo ya rangi ya waridi kama ya mtoto mchanga. Niliogopa, lakini nikajipa moyo. Mtihani ni wa macho, si wa vidole.

Nilikuwa nimesahau hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza, kila mtaalamu anachukuliwa alama zake, zinalinganishwa na kadi yake iliyoko makao makuu. Hiyo iliwekwa ili mtu asimtume mwenzake kumfanyia mtihani. Mimi huwa sifikirii hata kidogo, ni kama kusaini jina.

Mkaguzi, tumwite Bwana Wafula, mtu mzima wa maneno machache, akapaka wino, akavingirisha kidole changu cha kwanza kwenye kadi. Pakatoka doa. Cha pili, doa. Akanitazama usoni, akaendelea mpaka cha mwisho.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alifikiri, kisha akanisukumia lenzi pamoja na kadi zote mbili, ya zamani na hiyo mpya.

"Linganisha mwenyewe. Andika unachoona."

Akatoka nje kuvuta sigara.

Wakuu, nilikaa pale nikiwa na mimi wa zamani na mimi wa siku ile. Vidole tisa havikuwa na kitu. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na mistari kidogo pembeni. Nikahesabu sehemu zinazofanana. Hazikufika idadi inayotakiwa. Nikahesabu tena, na safari hii nikaanza kuona nyingine. Hapa kama panagawanyika. Hapa kama panakatika. Zilikuwa zinaongezeka kadiri ninavyozitaka.

Mwenzangu wa ofisini, Mwangolo, akaniinamia.

"Andika ni wewe, yaishe. Kwani uongo? Si wewe huyu?"

Na hapo ndipo paliponibana. Haikuwa uongo. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yangu kwamba yule ni mimi. Nikiandika "ni yeye" nitakuwa nimesema kweli tupu. Nikamfikiria Karisa, alivyoniuliza mara ya mwisho tulipoonana rumande, "Bwana, utakuja lakini?" Nikamjibu nitakuja.

Lakini kadi haikusema. Nilichokuwa nakijua nilikitoa kwingine, si kwenye kadi. Afisa wa upelelezi naye alikuwa "anajua" kuwa Karisa ndiye mwizi.

Nikaandika: haitoshi.

Bwana Wafula akarudi, akasoma, akakunja karatasi. "Basi siwezi kukupima. Ngozi ikirudi, njoo Nairobi." Mwangolo aliniona mwehu, na jioni ile hata mimi nilijiona hivyo. Sikula.

Kesi ilipotajwa, cheti kilikuwa kimekwisha. Hakimu akaahirisha. Karisa alirudishwa rumande akiwa ameniangalia mpaka mlango ukafungwa. Hiyo sura sijaisahau, na iliniuma kuliko vidole.

Ngozi ilichukua wiki kadhaa. Mistari inarudi vilevile ilivyokuwa, ndiyo ajabu ya Mungu. Nikapanda basi mpaka Nairobi, alama zikatoka safi, nikafanya mtihani, nikapigiwa muhuri.

Mahakamani mwendesha mashtaka alikuwa ameshapewa habari. "Ni kweli juzi ulishindwa kujitambua wewe mwenyewe?"

Watu wakacheka. Nikasema ni kweli, nikaeleza korosho na kadi. Hakimu akauliza, "Hukujua kuwa ni wewe?"

"Nilijua, mheshimiwa. Lakini vidole havikuonyesha, na mimi nimeapa kusema vinachoonyesha."

Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kuhusu vidole vya kwenye kioo. Nikamwambia vile vinaonyesha, na si vya Karisa. Karisa aliachiwa siku hiyohiyo.

Nje alinisubiri. Amekonda.

"Kumbe nimelala ndani muda wote huu sababu ya korosho."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ungeandika tu kuwa ni wewe."

"Kama ningeweza kuandika langu bila kadi kusema, Karisa, ningeweza kuandika na lako, kuwa vya kwenye kioo ni vyako."

Akanishika mkono wa kulia, nikadhani ananiaga. Akaugeuza kiganja juu, akaziangalia ncha za vidole kimoja baada ya kingine.

"Imerudi," akasema. Ndipo akaniaga.

Somo nililobaki nalo: kurudishwa kwenye mtihani si kudharauliwa. Kujua jambo na kulithibitisha ni kazi mbili tofauti, na mtu mzoefu ndiye anayezichanganya upesi. La pili, mwenyeji akikusogezea jivu, jipake.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe kwenye kile kiti, na Karisa yuko ndani anakungoja, ungeandika nini?