Hotuba Yangu ya Kimatengo

Chekeni mkitaka, mimi sijutii. Kampuni binafsi za kahawa zilipoanza kuingia Mbinga, nilikuwa karani wa ghala, Mnyasa pekee kati ya Wamatengo, na nilikitaka sana cheo cha mkuu wa ghala. Katika kitabu kimoja nilikuwa nimesoma habari za daktari mgeni aliyepanda cheo kwenye kasri la malkia wa Urusi ya kale kwa kujifunza lugha ya wenyeji. Nikaona hiyo ndiyo dawa. Mkurugenzi mpya, Mama Ndunguru, alikuwa anatoka Dar es Salaam, na jina lile ni la Kimatengo kabisa. Nikakariri hotuba mwezi mzima.

Siku ya mapokezi nikasimama mbele ya wafanyakazi wote, nikaitoa. Mama akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Kaka, unasema nini?"

"Nakukaribisha kwa lugha ya nyumbani, Mama."

"Ndunguru ni mume wangu. Mimi nimezaliwa Liuli, kwa Wanyasa." Halafu akaniuliza kwa Kinyasa, "Na wewe kwenu ni wapi?"

Ghala zima likaangua kicheko. Sikukaa. Nilikuwa nimebakiza sentensi mbili za Kimatengo, nikazimalizia zote mbili nikimtazama usoni.