Sifuri kwa Kukosea Vizuri

Nikiikumbuka ile sifuri, hata sasa, napandwa na hasira kama vile imeandikwa asubuhi ya leo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, najitolea kufundisha sayansi katika sekondari moja ya Gungu. Ilikuwa miaka ile boti zinaingia Kigoma kutoka ng'ambo ya ziwa zimejaa watu na magodoro. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Kabla sijaingia darasani nilikuwa nimeshagombana kichwani na wanafunzi, na walimu wenzangu, na mkaguzi ambaye hakuwahi kufika.

Kidato cha pili kulikuwa na msichana aliyevuka ziwa na mama yake, wakafikia kwa shangazi, mkazi wa siku nyingi wa Ujiji. Alitaka kuwa muuguzi. Ili aingie mkondo wa sayansi ilibidi afaulu zoezi la uchunguzi: uliza swali, andika nadharia tete, pima, toa hitimisho. Swali aliandika. Vifaa aliandika. Penye nadharia tete aliacha wazi, kila mara.

"Hawa wa ng'ambo vichwa vigumu," mkuu wa idara ya sayansi alisema ofisini kwa walimu, akikoroga chai. Wenzake wakaitikia kwa kucheka. Hakuna aliyeuliza amejuaje.

Nilimweka msichana baada ya vipindi. Nikamweleza kuwa nadharia tete ni jibu unalolikisia kabla hujalijua, ila ukisie kwa sababu, na liwe jibu linaloweza kupimwa likaonekana si kweli. Nikampa mfano wa mche uliofungiwa kabatini.

"Utakufa, Madam. Hilo kila mtu anajua."

"Basi kisia jambo usilolijua."

"Kama silijui, naandikaje?"

"Unakisia tu. Ukikosea, hakuna neno."

Akaniangalia kama mtu anayetegwa. Ndipo akanisimulia. Siku walipofika, mama yake aliulizwa kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi walivuka na nini. Akasema boti. Baadaye akasema mtumbwi wa injini. Chombo ni kilekile kimoja, lakini aliyekuwa akiandika aliinua kichwa akasema, "Mama, wewe ni mwongo," na wakawekwa kando mpaka jua likazama. Tangu hapo mama alimwonya: usiseme usilolijua, na ukishasema usibadilishe.

Siku kadhaa nilishindwa kula vizuri. Nilikuwa nawaza: mimi ni nani hata nimwambie mtoto huyu kwamba kukosea hakuna neno? Lakini sikuwa na sayansi nyingine ya kumfundisha. Nikamwuliza nyumbani wanafanya kazi gani. Wanaanika dagaa Kibirizi, akasema. Mchangani, kama wanawake wote pale.

"Kwa nini mchangani?"

"Mchanga unaunguza, Madam. Hata kukanyaga huwezi."

"Na ukiwaanika kwenye kichanja cha wavu?"

Akafikiri. "Watachelewa. Chini hakuna joto."

"Andika hivyo hivyo."

Aliandika polepole, kwa wino: dagaa wa mchangani watakauka kabla ya dagaa wa kichanja, kwa sababu mchanga una joto.

Jumamosi tukagawa dagaa wa ndoo moja nusu kwa nusu. Nusu mchangani, nusu juu ya wavu mkuukuu uliofungwa kwenye miti. Jua lilipopanda alianza kuvunja mmoja mmoja. Wa kichanja walikatika kwa mlio. Wa mchangani walipinda tu, na matumbo yao yalikuwa na unyevu uliogandisha mchanga. Akaenda tena kwenye kichanja, akarudi tena mchangani. Uso ulikuwa umemshuka.

"Madam, nimekosea."

"Umekosea vizuri sana! Sasa unajua jambo ambalo asubuhi hukulijua."

Akanitazama kuona kama namdhihaki. Halafu akacheka, kwa sauti, hata wanawake waliokuwa wakianika jirani wakageuka. Mama yake akaja na ufagio mkononi.

"Jambo, mwalimu. Huyu mutoto anakosa, nawe unafurahi? Munamufundisha nini kule?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Mungu asaidie wakubwa wako nao wakuwe wanafurahi."

Hawakufurahi. Daftari lilirudi kutoka kwa mkuu wa idara na sifuri ya wino mwekundu: "Nadharia tete si sahihi." Nikaenda ofisini. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Mlangoni yote yakapotea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vipi, Madam mdogo? Mbona sura ya msibani?"

"Yule msichana alipima, Mwalimu. Alisema wazi kwamba alichokisia sicho alichokiona. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe."

"Jibu lake ni kosa."

"Si jibu, ni nadharia tete."

"Binti, nimefundisha haya mambo wewe ukiwa unanyonya." Wenzake wakacheka. "Mwambie afute, aandike kichanja ndicho kitakachowahi. Nampa alama zake, tumemaliza."

Yaani aseme alikisia kile ambacho hakukikisia! Mwalimu wa sayansi, mtu mzima, alikuwa anamwagiza mtoto aghushi, na bado chai inamshuka vizuri kooni.

Nilimpelekea msichana ujumbe huo, maana alama alizihitaji yeye, si mimi. Hakutaka kufuta.

"Niliandika mchanga. Niliona kichanja. Nikifuta, hapo ndipo nitakuwa mwongo." Akafunua ukurasa mpya. "Madam, nikiweka nyingine hapa, ile ikabaki?"

Akakisia upya: si joto, ni hewa inayopita chini ya dagaa. Kama ni hewa, basi kichanja kikitandikwa nailoni chini ya dagaa kitachelewa kama mchanga. Akaanika tena, vichanja viwili. Chenye nailoni kilichelewa.

Mkuu wa idara alikata ukurasa wa kwanza kwa mstari mwekundu kona hadi kona, akampa alama za wa pili. "Unaona?" akaniambia. "Sasa amejifunza kupata jibu."

Niligeuka nikitaka kurudi kumjibu hata kama ni kufukuzwa. Msichana alinishika mkono kwenye veranda.

"Madam, muache. Nimeingia sayansi."

"Lakini ukurasa wako..."

"Nimeingia, Madam."

Nikamwacha, kwa sababu nafasi ilikuwa yake. Alikwenda uwanjani kuwaambia wenzake, anakimbia. Mimi nilibaki pale verandani na hasira yangu, ninayo bado. Katika shule ile nzima, ukurasa ule uliokatwa ndio pekee ambamo mtu alisema alichokifikiri, akaenda kukitazama, akarudi na ukweli.